apt, .deb, Flatpak, Snap au AppImage: mgeni wa Linux achukue programu wapi?

Aliyezoea Windows akihamia Linux na kutaka programu, hufanya kile anachokijua: anafungua kivinjari, anaandika jina la programu, anapakua faili. Anaambulia kitu kinachoishia na tar.gz. Akikibofya anakuta folda yenye mafaili asiyoyaelewa. Hakuna setup, hakuna Next wala Finish. Anamuuliza jamaa anayejua, anatumiwa amri tatu za terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Wa pili anamwambia atumie Flatpak. Wa tatu anamwambia achana na hiyo, Snap ipo tayari kwenye mashine. Kufika jioni anatafuta fundi wa kumrudishia Windows.

Programu zipo, tena nyingi. Kinachomchanganya mgeni ni kwamba programu ileile hupatikana kwa njia nne au tano, kila njia ina toleo lake, uzito wake na tabia zake, na hakuna aliyemwambia aanzie wapi. Msimamo wangu nautoa mapema: anzia ghala la mfumo, yaani apt. Nenda Flatpak pale tu toleo la ghalani likiwa limepitwa kwa kazi unayoifanya. Faili la .deb kutoka kwa mwenye programu ni kwa zile zisizokuwemo ghalani kabisa. Snap na AppImage zina mahali pake, ila si pa kuanzia.

Nalinganisha kwa mifumo miwili ya Linux, Ubuntu 24.04 na Linux Mint 22. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, kwa hiyo amri nyingi ni zilezile. Mwenye Fedora atatumia dnf badala ya apt, lakini yanayohusu Flatpak na AppImage yanamgusa vilevile. Kwa mizani nitatumia GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa sababu inapatikana karibu kwa kila njia na tofauti zinaonekana kwa macho.

apt: ghala la mfumo

Debian, mfumo wa Linux ulio chimbuko la Ubuntu, ilianzishwa mwaka 1993, na apt ikaingia rasmi kwenye toleo lake la 2.1 mwaka 1999. Ubuntu, iliyotoka Oktoba 2004, iliirithi, na Mint ikairithi kutoka Ubuntu. Utaratibu wake ni huu: watunzaji wa mfumo huchukua programu, huiandaa iendane na toleo la mfumo wako, huitia sahihi ya kidijitali na kuiweka kwenye seva zao. Wewe huendi kwenye tovuti ya yeyote. Unaagiza tu:

sudo apt update
sudo apt install gimp

Amri ya kwanza haisasishi programu yoyote, licha ya jina lake. Inaleta orodha mpya ya vilivyomo ghalani. Wageni wengi wanairuka baada ya kusakinisha mfumo, kisha wanakutana na "Unable to locate package" na kudhani programu haipo. Ukiulizwa nenosiri, herufi hazionekani, hata nyota hazitokei. Kibodi haijaharibika, andika tu na ubonyeze Enter. Na ukiona "Could not get lock", maana yake mfumo unajisasisha wenyewe nyuma ya pazia. Subiri dakika chache. Kuna maelekezo yanazunguka ya kufuta faili la lock kwa nguvu. Usiyafuate, unaweza kuacha usakinishaji wa vifurushi vingine ukiwa nusu na mashine ikaanza kulalamika kila siku.

Kama hujui jina kamili la kifurushi, tafuta hivi:

apt search --names-only gimp

Ama tumia Synaptic, programu ya kubofya ambayo Mint inakuja nayo na Ubuntu unaiongeza kwa apt. Sura yake ni ya kizamani, lakini kwa kutafuta sijaona inayoipita.

Faida kubwa ya apt kwa mwenye kununua bando ni wepesi. Programu zinagawana maktaba, yaani vipande vya msimbo vinavyotumiwa na programu nyingi, zilizomo tayari kwenye mfumo, hivyo GIMP inashuka kwa makumi ya MB tu. Masasisho ya kila kitu, kuanzia kernel, yaani kiini cha mfumo, hadi kikokotoo, yanapita mlango mmoja, na unaamua mwenyewe lini.

Gharama yake ni umri. Toleo la ghalani hugandishwa mfumo unapotoka, na baada ya hapo huletewa zaidi marekebisho ya usalama na hitilafu. Ubuntu 24.04 ilitoka na GIMP 2.10.36. GIMP 3.0 ikatoka Machi 2025, ikiwa na uhariri usioharibu picha ya asili, jambo ambalo watumiaji walilisubiri miaka. Ukisakinisha kwa apt kwenye 24.04 utapata ile ya 2.10. Kwa anayepunguza ukubwa wa picha za pasipoti, hilo halimhusu. Kwa anayeishi kwa kutengeneza mabango, linamhusu sana.

.deb kutoka kwa mwenye programu

Hii ndiyo njia inayofanana zaidi na Windows, na kwa baadhi ya programu hakuna nyingine ya maana. Google Chrome haimo kwenye ghala la Ubuntu. Ukiandika apt install google-chrome utaambiwa haipo. Unakwenda kwenye tovuti yake, unapakua faili la .deb, kisha unaandika, ukiwa ndani ya folda lilipo:

sudo apt install ./google-chrome-stable_current_amd64.deb

Ile nukta na mkwaju mwanzoni ni lazima. Bila hivyo apt inadhani unataja kifurushi cha ghalani. Kutumia apt badala ya dpkg -i kunakuokoa na kero ya vitegemezi, yaani vifurushi vingine ambavyo programu inavihitaji, kwa sababu apt inavifuata yenyewe.

Hapa kuna tofauti ambayo wengi hawaijui hadi imeshawagharimu. Chrome ikisakinishwa inaongeza ghala la Google kwenye mfumo wako, hivyo baadaye inasasishwa pamoja na vingine vyote. Zoom haifanyi hivyo: .deb yake ikishaingia inabaki toleo lilelile hadi upakue jipya kwa mkono. Kabla hujasakinisha .deb yoyote, angalia ni ya kundi gani. Kivinjari kisichosasishwa mwaka mzima ni hatari kuliko kutokuwa nacho.

Na pakua kwa mwenyewe tu. Faili la .deb linasakinishwa kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine, maana yake linaweza kufanya lolote. Tovuti za kukusanya programu za kila aina, zile zilizojaa vitufe vitatu vya "download", ziache hukohuko Windows.

Flatpak na Snap

Hapa ndipo ubishi ulipo, na ndipo mgeni anapopotezwa na mashabiki wa pande mbili. Zote mbili zilizaliwa kutatua tatizo moja: mwandishi wa programu atengeneze kifurushi kimoja kinachofanya kazi kwenye Ubuntu, Fedora, Debian na kwingineko, chenye maktaba zake mwenyewe, kikiwa kimewekewa mipaka ya kugusa mafaili yako. Zote mbili zilijitokeza kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2016: Snap ikiingia na Ubuntu 16.04, na Flatpak ikipata jina lake la sasa baada ya kuitwa xdg-app. Baada ya hapo njia zikaachana.

Snap ni ya Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu. Duka lake ni moja, na programu inayoendesha seva ya duka hilo si huria. Flatpak haina mwenye duka mmoja. Yeyote anaweza kuanzisha ghala lake, ingawa kwa vitendo karibu kila mtu anatumia Flathub. Kwa mgeni anayetaka kazi iende, siasa hii inaweza kusubiri. Yanayomgusa ni haya mengine.

Kwanza, bando. Flatpak ya kwanza inauma. Ukiandika:

flatpak install flathub org.gimp.GIMP

hupakui GIMP peke yake. Unapakua pia msingi wa GNOME (GNOME na KDE ni mazingira mawili ya eneo-kazi la Linux) ambao GIMP inautegemea, na jumla inafika mamia ya MB. Ya pili inayotumia msingi uleule itakuwa nafuu zaidi, na masasisho huleta tofauti tu. Lakini programu moja ya GNOME, moja ya KDE na nyingine inayodai msingi wa mwaka jana, na utashangaa nafasi ya diski imekwenda wapi. Misingi isiyotumika tena unaifuta kwa flatpak uninstall --unused.

Snap nayo si nyepesi, na ina tabia moja ya kumkera anayetumia hotspot ya simu: inajisasisha yenyewe. Kwa kawaida hukagua mara nne kwa siku na kupakua bila kuuliza. Pia huhifadhi toleo lililotangulia la kila programu, kwa hiyo kila kitu kinakaa diskini mara mbili. Tiba ipo, na sielewi kwa nini haisemwi siku ya kwanza:

sudo snap set system refresh.metered=hold

Halafu kwenye mipangilio ya Wi-Fi, uitie alama hotspot yako kuwa ni ya kulipia kwa kiasi. Snap itasubiri hadi uwe kwenye mtandao usio na kikomo. Ukitaka kuzuia kabisa hadi uamue mwenyewe, kuna sudo snap refresh --hold. Flatpak kwenye terminali haina shida hii: inasasishwa unapoandika flatpak update, au duka la programu la mfumo wako linapokuuliza.

Pili, mafaili. Mgeni anaweka flashi, anafungua programu ya Snap, flashi haionekani. Si virusi, wala flashi haijaungua. Snap nyingi haziruhusiwi kugusa flashi hadi zipewe kibali, kwa kubofya kwenye mipangilio ya programu husika au kwa amri:

sudo snap connect gimp:removable-media

Flatpak ina mipaka kama hiyo, ila kuna programu iitwayo Flatseal, yenyewe ikiwa Flathub, inayokuonyesha ruhusa zote za kila programu kwa vitufe vya kuwasha na kuzima. Hapo Flatpak inanishawishi zaidi.

Tatu, kasi. Kwenye laptopu yenye diski ya kuzunguka na si SSD, Snap huchelewa kufunguka mara ya kwanza baada ya kuwasha mashine. Ubuntu 22.04 ilipotoka na Firefox ya Snap, malalamiko yalikuwa makubwa, na Canonical wakaifanyia kazi. Sasa ni afadhali, lakini kwenye mashine ya zamani bado utaihisi.

Halafu kuna jambo la Firefox lenyewe, ambalo humvuruga hata asiye mgeni. Kwenye Ubuntu, ukiandika sudo apt install firefox, unachopata ni Snap. Kifurushi cha apt kipo, lakini kazi yake ni kuita Snap. Mint walikataa mtindo huo: tangu Mint 20 mwaka 2020 wameifungia Snap kwa chaguo-msingi, na Firefox yao ni .deb ya kawaida. Ndiyo maana mwongozo ulioandikwa kwa Ubuntu ukiufuata kwenye Mint, snap install inakwama.

Kuhusu usalama, nisikudanganye kwamba duka ni duka. Mwaka 2024 programu bandia iliyojifanya pochi ya sarafu za kidijitali ya Exodus ilipenya Snap Store, na aliyeiamini akapoteza sarafu zake. Kwenye maduka yote mawili tafuta alama ya mchapishaji aliyethibitishwa kabla hujabofya. Mint 22 imekwenda mbali zaidi: Flatpak ambazo hazijathibitishwa inazificha hadi uziruhusu mwenyewe.

AppImage

Faili moja, hakuna kusakinisha. Unapakua, unabofya kulia, unaingia kwenye sifa zake, unaruhusu liendeshwe kama programu, basi. Ukitaka kuiondoa, unalifuta. GIMP 3.0 inatolewa hivyo pia. Ni nzuri kwa kujaribu kitu au kubeba programu kwenye flashi.

Kwenye Ubuntu 24.04, hata hivyo, ukibofya AppImage nyingi hakitokei kitu, hata ujumbe wa kosa. Nyingi zinahitaji maktaba ya zamani ya FUSE, isiyokuja na mfumo:

sudo apt install libfuse2t64

AppImage haina mlango wa pamoja wa masasisho, wala haijiweki kwenye menyu yenyewe. Ukiwa nazo sita zimetapakaa kwenye Downloads, baada ya miezi hujui ipi ni mpya.

Na ile tar.gz ya mwanzoni? Mara nyingi ni msimbo chanzo, au programu iliyofungashwa bila kisakinishi. Mgeni hana sababu ya kuigusa. Ukijikuta unasoma maelekezo yenye ./configure na make ili upate kicheza muziki, rudi nyuma. Karibu hakika kuna njia nyingine.

Kwa kutupia jicho

| | Toleo la GIMP kwenye Ubuntu 24.04 | Uzito wa kwanza | Nani anasasisha |
|---|---|---|---|
| apt | 2.10 | makumi ya MB | wewe, pamoja na mfumo wote |
| Flatpak | 3 | mamia ya MB | wewe au duka |
| Snap | 3 | mamia ya MB | yenyewe, usipoizuia |
| AppImage | 3 | mamia ya MB | mkono wako |

.deb haimo kwenye jedwali kwa sababu wenye GIMP hawaitoi hivyo. Wanaielekeza kazi hiyo kwa watunzaji wa mifumo.

Duka la kubofya: Ubuntu au Mint?

Si kila mtu anataka terminali, na hana haja. Lakini maduka ya mifumo hii miwili hayalingani. App Center ya Ubuntu inatanguliza Snap. Vifurushi vya apt vimo, ila inabidi ubadilishe kichujio kwenda "Debian packages" ndipo uvione, na mgeni hajui kwamba kichujio hicho kipo. Flatpak haimo kabisa. Ubuntu hata haiji nayo, unaiongeza mwenyewe kwa sudo apt install flatpak, kisha unaiunganisha na Flathub:

flatpak remote-add --if-not-exists flathub https://dl.flathub.org/repo/flathub.flatpakrepo

na kuzima mashine na kuiwasha ili ikoni zionekane.

Software Manager ya Mint inaonyesha programu moja, na palepale inakupa kuchagua kati ya kifurushi cha mfumo na Flatpak, ikitaja ukubwa utakaopakua. Kwa mtu anayehesabu MB, mstari huo mmoja una thamani kuliko mapambo yote ya App Center. Hapa simung'unyi maneno: kwa anayeanza, Mint inashinda kwenye suala hili.

Jambo moja la kuangalia kwenye duka lolote: usisakinishe programu ileile mara mbili kwa njia tofauti. Utapata ikoni mbili za GIMP kwenye menyu, moja 2.10 na nyingine 3, kila moja na mipangilio yake, na utahangaika kwa nini brashi uliyoiongeza jana haionekani leo. Ukisahau uliipata wapi, andika flatpak list, kisha snap list. Isipokuwemo kokote humo, jaribu apt list --installed | grep gimp.

Basi uchague nini

Laptopu ya zamani, RAM ya GB 4, intaneti ya simu: Mint, apt kwa kila kitu, na Chrome ya .deb kama Firefox haikutoshi. Windows 11 huikataa mashine ya namna hiyo mara nyingi, na masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kundi hili si dogo. LibreOffice inakuja na mfumo. Kwa WhatsApp hakuna programu rasmi ya Linux. Tumia ya kwenye kivinjari, na hizo zinazojiita WhatsApp kwenye maduka ni za watu baki.

Mhariri wa picha au video mwenye Wi-Fi ya ofisini: apt kwa vitu vya kila siku, Flatpak kwa GIMP, Kdenlive na OBS Studio, ambapo toleo jipya lina maana.

Mwenye Ubuntu aliyekwisha kuizoea: iache Firefox ya Snap ilivyo, weka ile amri ya metered, na uendelee na kazi. Kuing'oa Snap yote kwenye Ubuntu kunawezekana, lakini ni vita ambayo mgeni hahitaji kuipigana.

Maabara ya shule au ofisi yenye kompyuta kadhaa na bando moja: chagua mashine moja yenye mfumo uleule na nyingine, iliyosakinishwa upya kama hizo nyingine, kisha pakua bila kusakinisha:

sudo apt-get install --download-only gimp vlc audacity

Hapa tumia apt-get, si apt. Mafaili ya .deb yatakuwa /var/cache/apt/archives. Yanakili kwenye folda moja ya flashi, nenda mashine nyingine, fungua terminali ndani ya folda hiyo na uandike sudo apt install ./*.deb. Kabla ya yote, andika uname -m kwenye kila mashine. Isiyojibu x86_64 iweke pembeni, mafaili hayo hayataiingia.